"Tia Jik kidogo, chemsha sana" si kipimo

Mhariri,

Assalamu aleikum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Kila masika yakiingia, maji ya visima vya Lamu hugeuka rangi, na wasia unaopita toka Langoni hadi Mkomani huwa ni ule ule: "Tia Jik kidogo, kisha chemsha sana." Jik ni ile klorini ya majimaji ya kung'arishia nguo. Maneno mawili hapo, "kidogo" na "sana", ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Hiyo kidogo ni mililita ngapi? Na hiyo sana ni dakika ngapi? Anayekosea la kwanza hunywa maji ambayo vijidudu vyake vingali hai. Anayekosea la pili huunguza mkaa wa bure, na kama mlango umefungwa, huvuta sumu isiyo na harufu.

Kwanza niyatenge yale ambayo si klorini wala moto unaoyaweza, kwa sababu watu wengi hutumia pesa zao hapo.

La kwanza ni chumvi. Mji huu hunywa mvua iliyozama katika mchanga wa Shela. Maji hayo matamu hayakutulia chini kama maji ndani ya mtungi. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, kwa kuwa lita ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025 na lita ya maji matamu ina kilo 1. Tofauti hiyo ndogo ina hesabu kubwa: maji matamu yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo huwa na takriban mita 40 zake. Wataalamu waliieleza kanuni hii mwishoni mwa karne ya 19, wakichunguza vilima vya mchanga vya pwani ya Uholanzi, na hapa kwetu ni hiyo hiyo. Sasa igeuze. Pampu ikishusha maji kwa sentimita 10 na kuyaweka hapo, chumvi ya chini hupanda, muda ukipita, kiasi cha mita 4. Ndiyo sababu kisima kilichokuwa kitamu enzi za ndoo huingia munyu kikifungwa mashine. Mashine ikiwa haina budi, bomba la kuvutia lisishushwe hadi chini, livute karibu na uso wa maji, polepole, kwa vipindi, na kisima kipewe saa kadhaa za kujaa tena.

Haihitaji bahari nyingi kuharibu. Lita ya maji ya bahari ina karibu gramu 19 za kloraidi, na ulimi huanza kuihisi kwenye miligramu 250 hivi kwa lita. Changanya vikombe 2 vya bahari na vikombe 98 vya maji matamu, tayari umefika miligramu 380. Kuchemsha hakupunguzi hata chembe. Mvuke huondoka, chumvi hubaki, na sufuria ikikauka nusu chumvi ya kila lita inakuwa maradufu. Shabu, ile ya kuzamisha tope, haiondoi, kitambaa hakiondoi, mkaa wa kuchujia hauondoi. Huondolewa kwa kukusanya mvuke, au kwa mashine za kuyasukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando, na hizo hutema maji yenye chumvi zaidi ya yale yaliyoingia. Mwenye kuyarudisha maji hayo shimoni karibu na kisima chake anajitilia chumvi mwenyewe. Mji wa Takwa kule kisiwa jirani cha Manda ulihamwa katika karne ya 17, na maji kuingia chumvi hutajwa miongoni mwa sababu.

Sabuni kukataa povu ni jambo jingine kabisa, ingawa wengi huita yote mawili "maji ya chumvi". Mawe yetu ya matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Mvua ikipita ardhini hubeba kaboni dayoksidi, nayo hulimumunya jiwe kidogo kidogo. Kalsiamu hiyo ikikutana na sabuni ya kipande hufanya utando mweupe unaoganda kwenye beseni na kola za kanzu. Maji hayo yakichemka hurudisha jiwe, ndio ule ukoko wa sufuria ya chai. Hauna madhara ya kuogopwa. Tia siki au ndimu, uache saa moja, utatoka.

La tatu naliandika kwa uzito. Kisima kilicho jirani na choo cha shimo hukusanya naitreti. Haina rangi, haina ladha, haina harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 kwa lita, kwa ajili ya watoto wachanga hasa, maana kwao naitreti huizuia damu kubeba oksijeni. Kuchemsha huikoleza. Klorini haiigusi. Maziwa ya unga ya mtoto aliye chini ya miezi 6 yasikorogwe kwa maji ya kisima cha namna hiyo, hata yakichemshwa mara tatu. Tumia ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri na kuchemshwa, au ya chupa.

Yaliyobaki, yaani vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, klorini inawaweza vizuri, ila kwa kipimo. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua miligramu za klorini unazotaka kwa kila lita, zidisha kwa idadi ya lita, kisha gawanya kwa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa mara kumi. Jibu ni mililita. Maji safi yanayopitisha mwanga hutiwa miligramu 2 kwa lita, yaliyofifia miligramu 4. Dumu la lita 20 la maji safi, na chupa ya asilimia 3.5: 2 mara 20 ni 40, gawanya kwa 35, unapata mililita 1.1. Maji yaliyofifia, mililita 2.3. Nunua bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano kwenye duka la dawa, ulifunge na chupa ili lisitumike kwa kingine. Kizibo cha chupa si kipimo, kwa kuwa vizibo havilingani, na kimoja huweza kubeba mililita 5 au zaidi, ambazo kwa dumu moja ni mara nne ya dozi.

Chupa iwe ya klorini tupu. Iliyotiwa manukato, rangi au kikolezo cha uzito si ya maji ya kunywa. Iwekwe kivulini, maana joto na jua huivunja klorini mwezi hadi mwezi, na chupa iliyokaa dirishani tangu mwaka jana ina lebo ya asilimia 3.5 na nguvu ya chini ya hapo. Koroga, funika, ngoja nusu saa. Baada ya nusu saa ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita ya klorini iliyo huru, yaani isiyoliwa na uchafu. Vidonge vya kupimia vinavyogeuza maji kuwa ya waridi hupatikana kwa wauzaji wa dawa za mabwawa ya kuogelea, na paketi moja yaweza kuhudumia mtaa. Asiyekuwa navyo anuse: harufu hafifu baada ya nusu saa ni dalili njema, na kukosa harufu kabisa maana yake ni kwamba kuna kilichoila klorini, rudia dozi ile ile na ungoje tena.

Walaji wa klorini ni wengi na hapa ndipo kukisia kunapoangusha watu. Tope huila, na zaidi ya hapo huwaficha vijidudu ndani ya chembe zake. Basi maji ya tope yatangulizwe shabu. Kwa dumu la lita 20, gramu 1 ya shabu iliyosagwa, kama robo ya kijiko cha chai kisichorundikwa, iyeyushwe kwanza kwenye kikombe cha maji. Mimina, koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika tano mpaka uone tope likishikana kama mabonge ya pamba. Acha saa moja. Teka ya juu kwa utulivu, pitisha kwenye kitambaa kilichokunjwa mara nne, na hapo ndipo utie klorini. Kinyume chake, klorini kwanza kisha shabu, ni kuilisha tope dawa. Ukikoroga kwa nguvu muda wote mabonge hukatika na hayazami tena.

Maji ya mvua ya paa la makuti, yale yenye rangi ya chai, nayo huila sana. Ya kunywa yakingwe kwenye bati, na mvua ya mwanzo imwagwe: paa la mita 50 za mraba, mwaga lita 50 za kwanza, maana ndizo zinazoteremka na kinyesi cha ndege na vumbi la kaskazi nzima.

Mlaji mkali zaidi ni amonia itokayo vyooni na kwenye mkojo wa punda. Klorini ikikutana nayo hugeuka kloramini, ambayo hunuka klorini lakini nguvu yake ni ndogo mno. Pua hapo hudanganya. Kuimaliza amonia kwahitaji klorini mara 8 hadi 10 ya uzito wa naitrojeni iliyomo, na kwa kisima kichafu hilo halifanyiki kwa chupa ya dukani. Dalili yake ni harufu kali ya kuwasha macho huku kidonge cha kupima klorini huru hakigeuzi rangi inavyopasa. Kisima cha namna hiyo kiwe cha kufulia na kuoshea, basi. Kumimina chupa baada ya chupa ni kuongeza harufu tu.

Kisha kuna chokaa. Jabia, yaani tangi la kujengwa la kuhifadhia maji, likipigwa lipu mpya ya chokaa hutoa maji makali, pH yake (kipimo cha ukali, ambapo 7 ni katikati) ikifika 11 au 12. Klorini huua ikiwa katika hali ya asidi ya haipoklorasi. Kwenye pH 7 karibu robo tatu yake iko katika hali hiyo, kwenye pH 8 ni robo, kwenye pH 9 ni kama sehemu 3 katika 100. Yaani dozi ile ile, harufu ile ile, na kazi karibu hakuna. Kipimo kipo jikoni. Paka bizari ya manjano iliyoloweshwa kwenye karatasi nyeupe, ikauke, kisha dondoshea maji ya jabia. Ikibaki njano, endelea. Ikigeuka nyekundu ya tofali, chokaa bado inatoka: mwaga ujazo wa kwanza, osha kuta, jaza upya na upime tena. Lipu ikikomaa hunywa kaboni dayoksidi ya hewani na kurudi kuwa jiwe, na ukali huisha.

Jabia lililokomaa hutibiwa kwa hesabu ile ile. Urefu mita 4, upana mita 3, kina cha maji mita 1.5: ni mita za ujazo 18, yaani lita 18,000. Miligramu 2 kwa lita ni gramu 36 za klorini. Kwa klorini ya unga ya asilimia 65, gawanya 36 kwa 0.65, upate gramu 55. Pima kwa mizani ya duka la viungo, kwa chombo cha plastiki.

Birika la msikitini au la uani lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu lisitiwe klorini hata tone. Kiasi kinachomfaa mnywaji kinamuua samaki, na samaki akifa mbu wamerudi. Maji yatekwe, yatibiwe ndani ya dumu.

Kisima kilichofurika kinahitaji dozi nyingine, ya kukiosha chenyewe. Toa tope na takataka kwanza. Pima kipenyo na kina cha maji. Kisima cha duara chenye kipenyo cha mita 1.2 na maji ya mita 1.5 kina kama lita 1,700. Hapa ni miligramu 50 kwa lita, gramu 85 za klorini, sawa na gramu 130 za unga wa asilimia 65 au lita 2.4 za maji ya asilimia 3.5. Unga ukorogwe katika ndoo ya maji, utulie, yamwagwe maji ya juu kisimani kwa kuzungusha kuta, machicha ya chokaa yabaki ndooni. Funika kwa saa 12 hadi 24, mtu asiteke. Kisha teka umwage mpaka harufu iwe hafifu, mbali na mimea na mbali na bahari ya karibu na mitego ya samaki. Kutibu huku hakudumu. Kisima kisicho na ukingo wala kifuniko, maji ya mtaa yakikiingia kesho, kimerudi kilipokuwa.

Unga huo una hatari zake. Unga ndio unaotiwa kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya unga, kwani huchemka na kuruka usoni. Unga usikae kabati moja na mafuta ya taa, petroli, mafuta ya kupikia au sukari, kwa sababu huweza kuwasha moto bila kiberiti. Na klorini ya aina yoyote ikichanganywa na asidi ya kusafishia choo hutoa gesi ya klorini papo hapo, ambayo huchoma mapafu. Hili hutokea chooni zaidi kuliko kisimani.

Sasa moto. Hapa pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, na kijidudu cha kuhara hakifiki hai hapo. Mapovu makubwa yakishapanda kutoka chini na kuutikisa uso wote wa maji, kazi imekwisha. Wacha dakika moja, epua. Zile dakika 20 hazina faida. Kupandisha lita 20 kutoka nyuzi 28 hadi 100 kwahitaji megajuli 6. Kilo ya mkaa mzuri ina karibu 30, lakini jiko la bati la kawaida hufikisha kama sehemu moja kwa tano kwenye sufuria. Basi kilo 1 ya mkaa kwa dumu moja. Jiko lenye kauri, likitunzwa, latumia gramu 700 hivi. Gesi ya mtungi, gramu 250. Kila lita unayoiacha ipotee kwa mvuke hula megajuli 2.26 nyingine. Kuchemsha kunashinda klorini mahali pamoja: kuna vimelea vya kuhara, kama kriptosporidiamu, ambavyo klorini haiviwezi. Kwa mtoto mchanga na mgonjwa aliyedhoofika, chemsha. Kwa nyumba nzima, klorini iliyopimwa hutosha, na hukulinda hata baada ya kikombe cha jirani kuingia mtungini, jambo ambalo maji yaliyochemshwa hayawezi.

Mkaa unapochemsha maji hayo hufanya kitu kingine. Hewa ikiingia chini ya jiko hutoa kaboni dayoksidi. Ikipanda kupita kaa jekundu hunyang'anywa oksijeni moja na kuwa kaboni monoksidi. Ule moto wa samawati unaocheza juu ya jiko ni gesi hiyo ikiungua, na hiyo ni salama kiasi. Hatari ni pale moto wa samawati haupo: jiko linapowashwa, mkaa mpya unapoongezwa juu, na zaidi ya yote linapofunikwa majivu ili "lihifadhi moto". Gesi hutoka yote bila kuungua, haina harufu, na hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kilo ya mkaa huweza kutoa gramu 200 zake. Chumba cha mita 3 kwa 3 kwa 3, kimefungwa, gramu 100 tu za mkaa, yaani mabonge machache, hufikisha zaidi ya miligramu 700 kwa mita ya ujazo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa robo saa ni 100.

Hili nawaomba akina mama na makungwi walisome mara mbili, kwa ajili ya chumba cha mzazi. Maji ya kumkandia yachemshiwe uani, yaingizwe yakiwa moto. Jiko la mafusho na chetezo viingie na vitoke, dirisha na mlango vikiwa wazi pande mbili ili upepo upite, wala jiko lisilale humo usiku pamoja na mama na mtoto. Kichwa kuuma, kichefuchefu na magoti kulegea kwa watu wawili chumba kimoja si mafua wala si jini: toeni watu nje kwanza, kisha jiko, na muelekee hospitali.

Neno fupi kuhusu mafuta. Dumu lililobeba petroli ya mashine ya boti halirudi kuwa la maji. Plastiki yake hunywa mafuta ndani ya ukuta wake na kuyaachilia polepole kwa miezi, na si sabuni, si mchanga, si klorini inayoyatoa. Litobolewe, lifanywe la kumwagia. Na mafuta ya taa yasimwagwe kisimani wala jabiani kuua viluwiluwi. Kifuniko cha wavu mwembamba hufanya kazi hiyo bila kuharibu maji.

Ombi langu ni kwa wauzaji na kwa wanaogawa dawa za maji wakati wa mlipuko. Klorini ya unga inafika visiwani kwa ndoo kubwa, kisha hufunguliwa na kugawanywa katika mifuko ya nailoni isiyo na maandishi. Unyevu wa pwani huingia, nguvu hupungua, na mnunuzi hajui kama ameshika asilimia 65 au 30. Igawanywe katika chupa za plastiki zenye kifuniko cha kubana, na juu yake yaandikwe mambo matatu kwa Kiswahili: asilimia, tarehe ndoo ilipofunguliwa, na gramu za kutia kwa kila lita 1,000 za maji safi. Kwa unga wa asilimia 65 wenye nguvu kamili, hizo ni gramu 3.

Mwalimu wa kemia,
Mkomani, Lamu